Fremu si Kabati

Kabla sijaanza, naomba ieleweke: mimi sikumshitaki Shangazi. Niliuliza swali. Kuuliza ni kuuliza na kushitaki ni kushitaki, na asiyejua tofauti aje nimfundishe bure. Nyumbani wananiita Wakili, tena wananiita hivyo wakiwa wamechoka. Mdogo wangu wanamwita Kidonge, kwa sababu ni mdogo, mviringo, na kummeza ni kazi.

Sisi ni watu wa makochi. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, na mlango wa katikati haufungwi, ndiyo maana hata kwenye mashuka yetu utakuta punje za sponji. Mwenye karakana ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Baba mwenyewe anaendesha lori la masafa, akija nyumbani anapokelewa kama mgeni. Mama anashona mifuniko kwenye cherehani, Fundi Mbao anapiga fremu. Na mwaka jana akaja Mjomba, kitinda mimba wa kwao Mama, kujifunza kuvalisha makochi.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Shangazi ni wifi yake Mama. Mjomba ni mdogo wake Mama. Mwenye akili ameshaelewa nani alikuwa anakanyagia mayai kila siku ndani ya ile karakana. Mama akimtetea mdogo wake, wifi anasema anapendelea. Akinyamaza, mdogo wake anaumia. Mama akachagua kunyamaza na kukanyaga cherehani kwa nguvu.

Shangazi si mtu mbaya, jamani, msije mkanielewa vibaya. Ana moyo, ila ameuficha kwenye sauti. Kazi ikiwa mbaya anapiga kelele hadi jirani anazima redio. Kazi ikiwa nzuri anasema, "Haya, lete lingine." Mjomba alikaa mwaka mzima akisubiri neno moja tu, kwamba anaweza au hawezi. Hakulipata. Alikuwa anacheka tu na kututania, lakini mimi nilimwona alivyokuwa akimaliza kochi, anasimama pembeni anafuta mikono polepole, anamtazama Shangazi akilizunguka. Anazunguka, anabonyeza, anavuta uzi. "Haya, lete lingine." Basi.

Katika karakana yetu kuna mambo mawili ambayo hata paka anayajua. La kwanza ni mkasi wa Shangazi. Ni mkasi mkubwa, mweusi, mzito, aliurithi kwa Babu, na unakata mahameli kama unakata maji. Haushikwi na mtu mwingine, iwe mvua iwe jua. La pili ni amri: "Fremu si kabati!" Kochi kabla halijavalishwa, mikono yake ni masanduku matupu ya mbao, na ndani mna ubao wa kukingama, unakaa vizuri kabisa kama rafu. Ukiwa na nyundo mkononi na kitambaa kinakusubiri, mkono wako wenyewe unakushawishi: weka hapo, utaichukua sasa hivi. Unaweka. Unavuta kitambaa, unapiga pini, unafunga. Nyundo imezikwa. Chaki, vikombe vya chai, hata kandambili ya Kidonge vyote vimewahi kuponea chupuchupu, na kila mara Shangazi anapaza sauti, "Fremu si kabati! Nitaimba mpaka lini?"

Sasa mchezo. Ule mchezo alitutengenezea Mjomba mwenyewe kwenye kipande cha kadibodi ya mgongo wa kochi. Alichora shule nzima kwa kalamu ya wino: jiko, ofisi, stoo, maktaba, bustani. Kengele ya shule imeibwa. Nani kaiba, kaificha chumba gani, kaibebea ndani ya nini? Wachezaji ni vifungo vya makochi: chekundu ni Mpishi, cheupe ni Daktari, cheusi ni Mlinzi, na kadhalika. Karata tatu za jibu zinaingia kwenye soksi ya Baba iliyofiwa na mwenzake, zilizobaki tunagawana, halafu unazunguka ukiuliza wenzako mpaka ujue kilichomo ndani ya soksi.

Una kanuni zake, na Mjomba hakubali uvunje hata moja. Kuuliza ni bure, uliza mpaka ukauke koo. Kushitaki ni mara moja. Ukishitaki ukakosea, hushitaki tena mpaka mwisho, lakini hukimbii mezani: unabaki, na ukiulizwa unajibu ukweli. Na kanuni ya mwisho, ambayo ilikuwa inamliza Kidonge kila wiki: hata wewe mwenyewe umo. Unaweza kuwa Mpishi, unahangaika kumtafuta mwizi chumba hadi chumba, kumbe soksi ikifunguliwa, mwizi ni Mpishi.

"Mimi sijaiba!" Kidonge alikuwa analia machozi ya kweli. "Mimi nilikuwa naitafuta!"

"Ndiyo hivyo, mjomba," Mjomba anamfuta pua. "Unaweza kuwa wewe na usijue. Haimaanishi wewe ni mbaya. Inamaanisha jina lako lisirukwe kwenye kuhesabu."

Mchezo ulikuwa mtamu balaa. Kasoro yake moja: karata zake Mjomba alizikata kwa ule mkasi. Kadibodi! Kwa mkasi wa mahameli! Shangazi alimkuta kipande cha mwisho kikiwa bado kinaning'inia mdomoni mwa mkasi. Sitarudia alichosema, maana humu wanasoma watoto. Mkasi ukapelekwa kunolewa, Mjomba akapewa onyo la mwisho, na mchezo wetu ukaitwa "hayo makaratasi" kuanzia siku ile.

Ndipo ikaja Jumamosi.

Asubuhi na mapema Dereva wa pikapu, ambaye huwa anatubebea mizigo, alipakia kochi la kijani la mahameli akalipeleka kliniki ya meno, mtaa wa tatu. Hakuwa amefika hata kona, Shangazi akasimama katikati ya karakana, mkono kiunoni, mwingine umepapasa meza mara mbili.

"Mkasi wangu uko wapi?"

Mtu akikuuliza hivyo kwa sauti ya chini, ujue kumekucha. Tulipekua. Tukamwaga gunia la vipande, tukainua zulia, Fundi Mbao akafagia mpaka chini ya randa. Hakuna. Shangazi akawa anauliza kila mtu swali lile lile: "Umechukua wewe?" "Sijachukua." "Umechukua wewe?" "Sijachukua, Dada." Nami nikajiambia moyoni, hilo nalo ni swali? Mwizi na asiye mwizi wote wana jibu moja!

Akafika kwa Mjomba, hakuuliza tena.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Ulizoea kuukatia makaratasi, sasa umekwenda kuuuza kabisa."

"Dada, wallahi sijaugusa."

"Onyo la mwisho nilikupa. Funga mizigo yako. Pikapu ikirudi itakupeleka stendi, urudi kwenu."

Cherehani ya Mama ilikata kelele. Mama alifungua mdomo, akamtazama wifi yake, akamtazama mdogo wake, machozi yakamlengalenga. Mjomba hakubishana. Aliingia ndani, nikasikia zipu ya begi.

Nilihisi damu inachemka mpaka masikioni. Mimi sipendi kuonewa, na kuliko kuonewa mwenyewe sipendi kuona mtu mwingine akionewa. Tena mtu aliyetukatia sisi zile karata! Nilimkamata Kidonge mkono, nikamvuta chini ya meza ya kukatia, ambapo ndipo mchezo wetu unapoishi.

"Toa ubao wa mchezo," nikamwambia.

"Tunacheza sasa hivi? Mjomba anaondoka!"

"Ndiyo maana tunacheza. Geuza nyuma."

Mgongoni mwa ubao nikachora karakana kwa chaki. Vyumba vyetu vilikuwa hivi: meza, gunia la vipande, kochi la kahawia, kiti cha mteja mmoja mzee, kochi la kijani. Kidonge akapanga vifungo: cha Mama, cha Fundi Mbao, cha Mjomba. Akaongeza viwili, chake na changu.

"Na sisi?" nikauliza.

"Hata wewe mwenyewe umo," akanijibu, kavu kabisa, kama Mjomba. Halafu akachukua kifungo kikubwa kuliko vyote, cha shaba, akakiweka katikati. Tukatazamana. Hakuna aliyetaja cha nani.

Tukaanza kwa Mama. Sikumuuliza kama amechukua. Nilimuuliza, "Mama, mara ya mwisho kuuona mkasi kwa macho yako, ulikuwa unafanya nini?"

Mama alifikiri, akivuta kamasi. "Jana alasiri nilikuwa nampelekea Shangazi yenu kamba ya pembeni ya lile kochi la kijani. Alikuwa anakata kitambaa cha mkono wa kushoto."

"Kwa mkasi?"

"Sasa angekata kwa meno?"

Kidonge akasukuma kifungo. Tukamkimbilia Fundi Mbao, aliyekuwa anapiga randa mbao ambayo ilishakuwa laini zamani, hasira tu.

"Fundi, jana uliitumia meza ya kukatia?"

"Niliiazima wakati wa chai, nipimie miguu ya kiti."

"Mkasi ulikuwepo?"

Randa ikasimama. "Mbona meza ilikuwa nyeupe kabisa, haina kitu. Ningeukuta ningeuogopa." Akatukazia macho. "Nyie watoto mnatafuta nini?"

"Tunauliza tu, Fundi. Kuuliza si ujinga."

Kwa hiyo mkasi ulipotea baada ya kukata mkono wa kushoto na kabla ya chai! Mjomba tulimkuta amekaa kitandani, begi miguuni, anakunja shati lile lile mara ya tatu.

"Mjomba, jana kabla ya chai ulikuwa wapi?"

"Hamjambo na nyie. Mmekuja kunihoji?" Alitabasamu kidogo kwa upande mmoja. "Nilitumwa dukani kuleta nyuzi. Naondoka, Shangazi yenu mkasi mkononi, ananifokea niharakishe. Narudi, kochi la kijani limeshafungwa lote, chai imepoa."

"Nani alilifunga?"

Mjomba si mtu wa kutaja watu. Lakini swali si lilikuwa la kanuni? Ukiulizwa, unajibu ukweli. "Alilifunga mwenyewe," akasema taratibu. "Mteja alikuwa anapiga simu kila saa, analitaka asubuhi."

Tulirudi chini ya meza mbio, tukagongana vichwa. Nikaanza kufuta vyumba kwa kidole. Meza ilikuwa tupu wakati wa chai, futa. Gunia tumelimwaga, futa. Kochi la kahawia lilifungwa tangu juzi, kabla mkasi haujapotea, futa. Kiti cha mzee bado kiko uchi, unaona mpaka upande wa pili, futa. Pakabaki chumba kimoja ubaoni. Na ukifuta vifungo vya watu ambao hawakuligusa lile kochi kabla ya chai, kinabaki kimoja, kikubwa, cha shaba.

"Yallah," Kidonge akanong'ona, "ni Mpishi anayejitafuta."

Hapo hapo tukasikia honi. Pikapu imerudi.

Mjomba alitoka na begi. Mama alisimama mlangoni ameshika kanga mdomoni. Shangazi alikuwa amegeuka ukutani, anapanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Dereva akaruka chini, anajipangusa jasho, hana habari ya chochote, nami nikamvaa kabla mtu yeyote hajamsalimia.

"Shikamoo! Lile kochi la kijani, mlipolibeba, uliona nini? Ulisikia nini?"

"Marahaba. Mtoto huyu! Nilisikia mgongo wangu ukilia."

"Na kochi je?"

Akacheka. "Kochi nalo lililia. Tulipolilaza upande kuliingiza mlangoni, likagonga ndani upande wa mkono, ngo! Nikadhani ni springi imekatika, nilitaka hata kumwambia bosi hapa."

Ngo! Jamani, mimi nilirukaruka. Nilishindwa kujizuia, nilirukaruka pale pale na Kidonge naye, ingawa sidhani kama alijua anarukia nini. Kwenye mkono wa kochi hakuna springi! Springi ziko kwenye kiti, na za kiti zimefungwa kamba. Hata Kidonge analijua hilo.

"Mna wazimu?" Shangazi aligeuka. "Mtu anaondoka kwa aibu, nyie mnacheza ngoma?"

Nikasimama wima. Kushitaki ni mara moja, na huyu ni Shangazi, mkubwa wangu, anayenilisha. Basi nikafanya kile ambacho ni bure.

"Shangazi, naomba kuuliza swali moja tu."

"Uliza utoke."

"Jana ulipokuwa unafunga mkono wa kushoto wa kochi la kijani, unavuta kitambaa kwa mkono huu na mashine ya pini iko kwenye mkono huu, mkasi ulikuwa wapi?"

"Swali gani hilo? Mkasi ulikuwa..." akasema Shangazi, akainua mikono kunionyesha. Mkono wa kulia ukashika mashine ya hewani. Wa kushoto ukavuta kitambaa cha hewani. Lakini kabla ya kuvuta, ule wa kushoto ulifanya kitu kingine. Ulishuka pembeni kidogo, polepole, kama unaweka kitu kwenye rafu, ukarudi mtupu.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Sote tuliuona. Na yeye aliuona, maana aliutazama ule mkono kama ni wa mtu mwingine.

"Nyani haoni..." Fundi Mbao alianza, Mama akakohoa kikohozi kikubwa, methali ikaishia hapo.

"Haiwezekani," Shangazi akasema. "Mimi? Mimi ninayewaimbia kila siku? Siwezi." Sauti ilikuwa imepanda tena. "Na kochi la mteja halifumuliwi kwa mchezo wa watoto. Mkilifumua mkakuta patupu, jina langu mtaliweka wapi? Dereva, mpakie huyu."

Na hapo, sijui nisemeje, Mama yangu alivuka karakana. Mama ambaye kwa wifi yake husema "sawa wifi" mpaka akiwa usingizini. Alikwenda akamnyang'anya Mjomba begi, akalikalia.

"Wifi," alisema, sauti inatetemeka lakini inakwenda mbele, "nimekuheshimu tangu nilipoolewa, na nitakuheshimu. Lakini mdogo wangu haondoki na jina la mwizi kabla lile kochi halijafunguliwa. Pakiwa patupu, nitalishona upya mimi mwenyewe, na nitampeleka stendi mimi mwenyewe."

Shangazi akageukia tena nyuzi zake ukutani, akaziangusha. Kisha akavua aproni.

"Twendeni," alisema. "Wote. Muone wenyewe kwamba hamna kitu."

Tulipanda pikapu kama tunakwenda harusini. Shangazi mbele na Dereva, sisi nyuma, Mjomba ameshika boksi la vifaa, Mama bado kakalia begi, Fundi Mbao anajiimbia. Kidonge alikuwa amebeba ubao wa mchezo kifuani. Upepo unapiga, chaki inapeperuka, na mimi nahesabu upya vyumba kwa vidole. Je, kama ni springi kweli? Je, kama nimefuta chumba ambacho sikupaswa kufuta? Mjomba akaniinamia sikioni.

"Ulimuuliza vizuri," akaniambia. "Hata kama pako patupu, uliuliza vizuri."

Hiyo ndiyo ilinitia hofu zaidi.

Kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki, kochi letu lilikuwa limekaa chini ya dirisha, zuri, linameremeta, na juu yake amekaa mzee mmoja shavu limevimba kama ameficha embe. Shangazi alimwomba radhi, mzee akanyanyuka bila kusema kitu, maana hakuweza. Daktari wa meno akatoka na barakoa na glavu, akatukuta familia nzima imepiga magoti kuzunguka kochi lake jipya.

"Kuna tatizo?"

"Tunalikagua, Daktari," Shangazi akajibu. "Dakika chache tu."

Mjomba na Fundi Mbao walilishika, wakalilaza upande.

Ngo!

Hata mzee wa shavu aligeuka. Shangazi alifumba macho.

Mjomba akatoa bisibisi bapa, akaanza kung'oa pini za mkono wa kushoto, upande wa nje. Na alivyozing'oa! Angeweza kuchana tu, hasira anazo na haki anayo. Lakini alizitoa moja moja, kitambaa amekiwekea kidole chini kisikwaruzike, mahameli ikafunguka bila hata tundu kupanuka. Nilimwona Shangazi, hakuwa anatazama ndani ya kochi. Alikuwa anatazama ile mikono ya Mjomba.

"Tayari, Dada," Mjomba akasema, akasogea pembeni. "Ingiza mkono mwenyewe."

Shangazi akaingiza mkono mpaka begani. Akapapasa. Uso ukabadilika. Akautoa taratibu, na ule mkasi mweusi, mkubwa, wa Babu, ukatoka naye.

Nilidhani nitapiga kelele za furaha. Nilikuwa nimezijaza kabisa mdomoni. Lakini Shangazi alikaa sakafuni, puu, mkasi mapajani, na machozi yakaanza kumtoka, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia hata alipojipiga nyundo. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Daktari akatazama dari.

Ni Kidonge aliyemwendea. Alikaa pembeni yake, akaweka ubao wa mchezo magotini pake, akamfuta pua kwa mkono wa shati.

"Usilie, Shangazi," alimwambia. "Unaweza kuwa wewe na usijue. Mimi huwa mimi kila wiki."

Shangazi alicheka. Kicheko kilitoka na machozi yake, kikageuka kwikwi, akamkumbatia Kidonge mpaka akalalamika. Kisha akainua uso kwa Mjomba.

"Shemeji yangu, nimekukosea. Nimekuita mwizi mbele ya dada yako na mbele ya watoto. Mwizi hakuwepo. Nilikuwepo mimi na haraka zangu. Nisamehe."

"Yameisha, Dada," Mjomba akasema.

"Hayajaisha!" Kidonge akadakia. "Kanuni! Ukishitaki ukakosea, hukimbii. Unabaki, ukiulizwa unajibu ukweli. Mjomba, uliza!"

Nikataka kumfinya, ila Shangazi alinizuia kwa jicho. "Haya," akamwambia Mjomba. "Kanuni ni kanuni. Uliza."

Mjomba alishika bisibisi kwa mikono miwili. Nilijua atakachouliza kabla hajakiuliza.

"Dada, hii kazi naiweza, au siiwezi?"

Shangazi alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kile kitambaa alichokifungua Mjomba, kama anavyofanya siku zote, anabonyeza, anatafuta.

"Unaiweza," akasema. "Unaiweza muda mrefu sasa. Mikunjo yako naifumua kwa macho nikitafuta kosa, silioni, ndiyo nasema lete lingine. Baba yangu naye hakuwahi kuniambia, nikadhani ndivyo mtu anavyofundishwa. Unaiweza kunishinda mimi nilipokuwa na umri wako."

Mjomba alitaka kutania, nilimwona akilitafuta neno. Hakulipata. Alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo, mabega yakimpanda na kushuka, na Mama akamfuata akasimama naye.

"Samahanini," Daktari akasema baada ya muda, "mimi nina mgonjwa, na mgonjwa hana pa kukaa."

Ikabidi kazi. Shangazi akavuta kitambaa, akakinyoosha, pakawa pamebaki uzi mmoja mrefu na pindo kidogo la kupunguza. Mkono wake ukaenda kwenye mkasi, ukasita. Akaugeuza, akaushika kwa upande wa makali, akamwelekezea Mjomba mipini.

"Kata wewe."

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Akapokea. Kachaa, kachaa, pindo likaanguka sakafuni, limenyooka kama limepigiwa rula. Fundi Mbao akasema "ehee!" peke yake. Kisha Mjomba akachukua mashine ya pini, Shangazi akamshikia kitambaa, mwalimu na mwanafunzi wamebadilishana nafasi bila mtu kutangaza, pini zikaanza kuingia moja baada ya nyingine mpaka pakabaki upenyo wa ukubwa wa mkono.

"Simama!" Shangazi akasema ghafla.

Sote tuliganda. Hata mzee wa shavu.

"Mkasi uko wapi?"

Mama akapapasa mapaja. Fundi Mbao akatazama chini ya miguu. Mimi nilichungulia ndani ya kochi, naapa. Mjomba aliutoa kiunoni alikokuwa ameuchomeka, akauinua juu tuone wote.

"Ninao mimi, Dada."

"Kaa nao," Shangazi akasema. "Haya, funga."